Utaalam ni Mali ya Nani? Historia ya Idara ya Upasuaji wa Njia ya Mkojo ya KCMC

UTANGULIZI

Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Arusha, na tarehe 5 Februari mwaka huo Azimio la Arusha likatangazwa. Makada wengi hulikumbuka Azimio kwa mambo mawili: miiko ya viongozi, na umilikaji wa njia kuu za uchumi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Azimio lilizungumza pia juu ya hospitali. Katika kueleza hatari ya kutegemea fedha za kigeni, lilionyesha kwamba hospitali zetu kubwa zote ziko mijini na zinawafaa watu wachache. Lakini kama zimejengwa kwa mikopo ya kutoka nje, mikopo hiyo hulipwa kwa mazao ya mkulima. Kwa hiyo asiyetibiwa ndiye mlipaji. Azimio likatutahadharisha kwamba watu wa mjini wanaweza kugeuka kuwa wanyonyaji wa watu wa vijijini.

Katika makala haya tunakusudia kulichukua onyo hilo na kulipima kwa historia ya idara moja tu ya hospitali moja: idara ya upasuaji wa njia ya mkojo ya hospitali ya KCMC, Moshi. Tumeichagua KCMC kwa sababu ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini. Mgonjwa anayeshindikana katika zahanati za miteremko ya Mlima Meru, na baadaye katika Hospitali ya Mount Meru mjini Arusha, hupelekwa huko, mwendo wa kilometa 80 hivi. Na tumeichagua idara hii kwa sababu maradhi inayoyatibu huwakuta zaidi wale wasiosikika: wazee wa vijijini, na wanawake walioumia katika uzazi. Swali letu ni hili: utaalam wa hali ya juu ukiwekwa katika nchi ya wakulima, unakuwa mali ya nani?

MARADHI YENYEWE NA HALI YA WANANCHI

Ni vizuri kwanza kuelewa tunazungumza juu ya nini. Daktari wa njia ya mkojo hushughulikia figo, mirija inayoshuka kutoka kwenye figo, kibofu, tezi dume na mrija wa kutolea mkojo. Mwanamume akizeeka, tezi dume yake huweza kukua na kuubana mrija huo mpaka mkojo ukakataa kutoka. Hiyo ni dharura. Asiposaidiwa, maumivu ni makali na figo huharibika. Mrija huohuo unaweza kuzibwa na kovu, ama kwa sababu ya kisonono kisichotibiwa sawasawa, ama kwa sababu ya ajali iliyovunja mifupa ya nyonga. Wengine wana mawe. Wengine, hasa wanaotoka pwani na maeneo ya Ziwa, wana kichocho cha mkojo, ambacho kikidumu miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Na kuna wanawake wenye fistula: mama amekaa na uchungu siku mbili au tatu pasipo msaada, kichwa cha mtoto kikabana nyama za kibofu mpaka zikafa, na tangu hapo mkojo unavuja mchana na usiku.

Maradhi haya hayachagui mtu, lakini matokeo yake yanachagua. Mama wa mjini aliye karibu na chumba cha upasuaji, uchungu wake ukigoma, hupasuliwa na kurudi nyumbani na mtoto. Mama aliye upande wa Ngarenanyuki, penye njia mbaya na gari la kukodi, ndiye anayepata fistula. Mzee mwenye uwezo, akiwekewa mpira wa mkojo, hukaa nao siku chache kisha akapasuliwa. Mzee maskini hukaa nao miezi, akirudi zahanati kuubadilisha, na katika muda huo hashiki jembe wala hakai barazani na wenzake kwa aibu. Kwa maneno mengine, ugonjwa ni wa mwili, lakini muda wa kuteseka unapangwa na hali ya uchumi wa mtu.

URITHI WA UKOLONI

Elimu ya upasuaji huu ilikua Ulaya na Marekani, lakini haikukua kwa jasho la Ulaya peke yake. Chukua mfano wa Peter Freyer, daktari aliyesifika London mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuitoa tezi dume kupitia kibofu. Kabla ya sifa hiyo alikuwa ametumika miaka ipatayo 20 katika idara ya tiba ya serikali ya Waingereza nchini India, na huko ndiko alikopata uzoefu mkubwa wa kuvunja mawe ya kibofu kwa wagonjwa wa Kihindi. Mikono yake ilikomaa juu ya miili ya watawaliwa. Kisha akarudi kwao na ujuzi wake. Hatusemi hayo ili kumlaumu mtu mmoja. Tunasema ili kada aone sheria ya jumla: chini ya ukoloni maarifa yalisafiri kama pamba na katani, yakitoka huku yakiwa ghafi na kukomaa kule.

Hapa kwetu, Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka, baada ya kututawala miaka 43, waliiachia nchi madaktari 12. Chuo cha tiba cha Makerere kilikuwapo tangu mwaka 1924, lakini nafasi za Watanganyika zilikuwa chache. Katika eneo la Meru matibabu yalitegemea hospitali chache za serikali na za misheni, kama ile ya Nkoaranga. Daktari mmoja alikuwa tabibu wa watoto, mkunga, mpasuaji na msimamizi wa stoo. Katika hali hiyo kuzungumza juu ya daktari bingwa wa njia ya mkojo kwa ajili ya mkulima wa kahawa kungekuwa mzaha.

Baada ya uhuru hatua za kwanza zilichukuliwa. Mwaka 1963 shule ya tiba ilianzishwa Dar es Salaam, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu. Pamoja na hilo, nchi ilianza kufundisha madaktari wasaidizi, watu waliotoka miongoni mwa waganga wenye uzoefu, ambao kwa miaka mingi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji katika wilaya zetu.

MWAKA 1971: MGONGANO UNAJITOKEZA

Mwaka 1971 una maana ya pekee katika historia hii. Mwezi Machi mwaka huo KCMC ilifunguliwa. Iliasisiwa na Shirika la Msamaria Mwema, chombo cha makanisa ya Kikristo, lililokusanya michango mingi kutoka ng'ambo. Mwaka huohuo hospitali ya Bugando ikafunguliwa Mwanza. Na mwaka huohuo Chama, katika Mkutano wake Mkuu, kiliweka mkazo katika maendeleo ya vijijini: maji, elimu, na afya kwa njia ya zahanati na vituo vya afya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kujifunza kinga.

Hapa pana mgongano wa wazi. Siasa inasema kijiji kwanza. Na wakati huohuo majumba makubwa ya rufaa yanafungua milango. Ni kweli kwamba KCMC haikujengwa kwa mkopo wa kulipwa na mkulima. Lakini hospitali si jengo tu. Inahitaji dawa, umeme, nyuzi za kushonea, vipuri na mishahara kila mwezi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi ilipokabidhiwa tena kwa Shirika mwaka 1992, mzigo wa uendeshaji ulikuwa mabegani mwa Serikali, yaani mabegani mwa umma.

Wako waliosema wakati ule kwamba hospitali kubwa zisingejengwa kabisa. Wako waliosema zahanati ni mambo ya kuridhisha watu, tiba halisi ni ya mabingwa. Pande zote mbili zilikosea kwa sababu moja: zilitazama hospitali na zahanati kama vitu viwili vinavyogombea mfuko mmoja. Hazikuuliza uhusiano uliopo kati yake. Mzee ambaye mkojo umekataa kutoka anamhitaji mganga wa zahanati anayejua kuweka mpira usiku uleule. Na anamhitaji bingwa atakayemwondolea sababu. Akikosa wa kwanza, hafiki kwa wa pili. Akikosa wa pili, wa kwanza atambadilishia mpira mpaka kufa.

WATU WALIOIJENGA IDARA

Sasa tuwatazame wapasuaji wenyewe. Jina la kwanza ni la Lester Eshleman, daktari Mmarekani wa kanisa la Menoniti. Kabla ya kuja Moshi alifanya kazi Shirati, mkoani Mara. Shirati ilikuwa hospitali ya mashambani, na huko katika miaka ya 1960 Eshleman alichunguza na kuandika juu ya aina za saratani alizoziona kwa wananchi wa eneo lile. Baadaye alihamia KCMC, na huko ndiko alikoijenga huduma ya njia ya mkojo mpaka ikawa taasisi ndani ya hospitali, yenye wapasuaji na wauguzi wa fani hiyo.

Kada atauliza: je, mgeni anaweza kujenga kitu cha kudumu, au anaacha utegemezi? Jibu linapatikana kwa kutazama kilichobaki alipoondoka. Mgeni anayepasua vizuri halafu akaondoka ametibu watu. Hilo ni jema, lakini ni jema la muda wake. Mgeni anayempa mwenyeji kisu na kusimama pembeni amejenga. Katika taasisi ya KCMC uongozi ulipita katika mikono ya Mtanzania, Daktari Alfred Mteta, ambaye pamoja na wenzake kama Daktari Jasper Mbwambo waliendeleza kazi ya kupasua, kufundisha na kuchunguza. Hiyo ndiyo hatua ambayo idara nyingi zilizoanzishwa na wageni hazikuifikia.

Uhusiano na nje haukukatwa, bali ulibadilika sura. Chama cha wapasuaji wa njia ya mkojo cha Uingereza, kwa njia ya kamati yake iitwayo Urolink, kimekuwa na ushirikiano wa miaka mingi na KCMC. Wageni huja kwa muda mfupi, na kazi yao kubwa ni warsha za kupasua pamoja na wenyeji, hasa upasuaji mgumu wa kutengeneza upya mrija wa mkojo uliozibwa na kovu. Wanaobaki baada ya warsha ni Watanzania. Na mgeni naye huondoka amejifunza, kwa kuwa makovu marefu na mabaya ya namna hii hayaonekani sana katika hospitali za kwao. Tofauti na zama za Freyer, safari hii maarifa yanabaki pia pale yalipozaliwa.

Lazima tuongeze jambo ambalo historia za madaktari husahau. Upasuaji si kazi ya mtu mmoja. Mzee aliyeondolewa tezi dume hutoka damu, na mpira wake ukizibwa na donge la damu usiku wa manane, anayemwokoa ni muuguzi wa zamu mwenye bomba la sindano na maji safi. Yuko mtoa dawa ya usingizi, yuko fundi wa mashine, yuko mfanyakazi wa kufua. Ukimtaja bingwa peke yake unarudia kosa la kumtaja mkurugenzi wa kiwanda na kuwasahau wafanyakazi.

MAFUNZO YA KAZI YAO

Mfano mmoja wa kazi ya idara hii unafaa kusomwa na kila kada. Mwaka 2006 Mteta, Mbwambo na Mvungi walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki uchunguzi juu ya wanawake waliojeruhiwa kibofu au mirija ya figo wakati wa upasuaji wa uzazi na wa magonjwa ya wanawake. Maana ya jambo hili ni nzito. Mama anapelekwa kupasuliwa ili aokolewe. Mpasuaji, pengine peke yake usiku, anafunga au kukata mrija asiouona. Na mama anaanza safari ya pili kwenda kwa bingwa.

Ipo njia mbili za kuupokea ukweli huo. Ya kwanza ni ya urasimu: kumtafuta wa kulaumiwa wilayani, kisha kuamuru upasuaji wote upelekwe mjini. Matokeo yake yangekuwa vifo vya akina mama njiani. Ya pili ni ya kimapinduzi: idara kuyachukua majeraha hayo kama somo, na kulipeleka somo hilo chini kwa wale wanaopasua. Bingwa anayeshona majeraha kumi bila kumfundisha mtu atashona mengine kumi mwakani. Bingwa anayewafundisha wapasuaji kumi mahali pa kuutafuta mrija kabla ya kukata amepunguza foleni yake mwenyewe. Huo ndio utatuzi wa mgongano wa mwaka 1971: hospitali kubwa inastahili gharama yake pale tu inapokuwa shule ya hospitali ndogo.

Somo la pili linahusu nyenzo. Siku hizi tezi dume huondolewa kwa darubini nyembamba inayopitishwa katika njia ya mkojo, yenye waya wa umeme unaokata kidogo kidogo bila kupasua tumbo. Mgonjwa hupona upesi. Lakini chombo hicho kinataka taa yake, waya wake, maji yake maalum na fundi wake. Kimoja kikikosekana, kinabaki kabatini. Kwa sababu hiyo mpasuaji wa nchi kama yetu hana budi kuijua pia njia ya wazi, kama ile aliyoieleza Terence Millin wa London mwaka 1945, ya kuifikia tezi kwa mkato wa chini ya kitovu bila kufungua kibofu. Anayejua mashine tu ni mtumwa wa mashine. Anayeikataa mashine ni mtu wa jana. Kujitegemea ni kuzijua njia zote mbili na kuchagua kwa kutazama hali halisi.

ARUSHA KATIKA HISTORIA HII

Msomaji wa Arusha asidhani kwamba hayo yote ni mambo ya Moshi. Chuo kikuu cha Tumaini, kilichoanzishwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri mwaka 1996, kilikuwa na chuo kishiriki Makumira, Usa River, miguuni pa Mlima Meru. Na mwaka 1997 chuo cha tiba cha KCMC kilianza kikiwa chuo kishiriki chake. Ndipo hospitali ya rufaa ikawa hospitali ya chuo kikuu kwa maana kamili.

Aidha, Arusha ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afya ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1974, na ndiyo makao ya Chuo cha Wapasuaji cha kanda hiyohiyo, COSECSA. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1999, kikitokana na chama cha wapasuaji wa Afrika Mashariki kilichokuwapo tangu mwaka 1950. Hakina jengo la mihadhara. Daktari hujifunza akiwa kazini, katika hospitali iliyokubaliwa nchini mwake, chini ya mpasuaji mwenye uzoefu, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine. Upasuaji wa njia ya mkojo ni mojawapo ya fani zake. Faida ya mpango huu inaonekana wazi: daktari haondoki miaka mitano kwenda ng'ambo na kuozoea maisha ya huko, hospitali yake haipungukiwi mikono, na mtihani hauandikwi tena na wakoloni wa zamani.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Hata hivyo tungekuwa wababaishaji kama tungesema swali la Azimio limekwisha jibiwa. Mambo matatu bado yanatusumbua.

Kwanza, malipo. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za faida. Mwaka 1991 ikarekebishwa, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za Serikali. Tangu hapo ngazi ya rufaa imekuwa na lango la fedha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ya mwaka 2023, inakusudia kuliondoa lango hilo. Lakini sheria haijitekelezi. Wananchi wa Meru wanajua maana ya kuchanga: walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walichangishana ili Kirilo Japhet afike Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi yao. Walichanga kwa sababu walielewa wanachokipigania. Kazi ya kada ni kuieleza bima kwa namna hiyo, kama silaha ya pamoja ya wanyonge, na kuwa mkali pale huduma iliyokwisha kulipiwa isipotolewa.

Pili, mgawanyo wa wataalam. Bingwa amesomeshwa kwa jasho la wengi: walimu wa shule ya msingi, walipa kodi, na wagonjwa waliokubali ajifunze juu ya miili yao. Deni hilo halilipwi kwa maneno ya shukrani. Linalipwa kwa kushuka: kliniki za mara kwa mara katika hospitali za mikoa na wilaya, na kufundisha pale alipo. Nasi tukidai hivyo, tudai pia nyumba, vifaa na heshima kwa mtumishi aliye mbali. Kumhubiria mtu uzalendo huku glavu zimekwisha ni unafiki.

Tatu, aibu. Mzee hasemi kwamba hawezi kukojoa mpaka azidiwe. Mwanamke mwenye fistula hujificha, na wakati mwingine wenzake humsaidia kujificha. Hapa balozi wa nyumba kumi, mwalimu na kiongozi wa akina mama wana nguvu kuliko daktari yeyote, kwa sababu wao wanajua ni mlango gani haufunguliwi. Neno moja kwamba ugonjwa huu unatibika linaweza kumwondoa mtu katika miaka ya mateso.

Utaalam, kama ardhi, unaweza kuzungushiwa uzio na wachache, na unaweza kuwa wa wote wanaoufanyia kazi. Historia ya wapasuaji wa KCMC inaonyesha kwamba uzio huo unaweza kuvunjwa, toka mgeni kwenda kwa mwenyeji, na toka mwenyeji mmoja kwenda kwa wengi. Sehemu iliyobaki ya njia, ile inayotoka lango la hospitali mpaka kwenye nyumba ya mkulima chini ya Meru, haiwezi kupitiwa na madaktari peke yao. Hiyo ni kazi ya siasa, na kwa hiyo ni yetu.